Neno la Siri Alilokwenda Nalo Rafiki Yangu

Rafiki yangu aliyekuwa akitunza mitambo ya hospitali yetu ya misheni, huko Meru, alifariki ghafla, na mimi karani wa maabara nikakabidhiwa ufunguo wa chumba chake. Ndani mlikuwa na ruta, kisanduku kilichopiga simu Nairobi na kutuletea barua pepe.

Wiki hiyo hiyo, wenye laini huko Nairobi walibadilisha neno la siri la laini hiyo, barua zikakoma. Ili kuweka neno jipya ilibidi niingie kwenye ruta, na ruta nayo ilikuwa na neno lake, alilolijua marehemu peke yake. Zamani fundi wao wa Nairobi aliweza kuingia kwa simu akiwa huko huko, lakini marehemu alikuwa ameifunga njia hiyo baada ya mtu asiyejulikana kujaribu kupenya.

Wodini alilala mama mmoja wa Laare, goti limevimba. Daktari alingoja majibu ya kipimo ajue kama atakata mguu, na maabara ya Nairobi haikutoa majibu ya aina hiyo kwa mdomo, ila kwa barua pepe. Kila asubuhi alichungulia mlangoni.

"Bado?"

"Bado, daktari."

Nilijaribu majina ya watoto wa marehemu, miaka yao, hata jina la shule aliyosoma. Siku ya nne nikaenda nyumbani kwake, Mitunguu. Waombolezaji walikuwa bado uani. Mjane wake akanipa chai, nikashindwa kuinywa.

"Shemeji, kuna jambo linakusumbua," akasema.

Nikamweleza. Akaingia ndani akatoka na daftari zote za mumewe. Tukazipekua pamoja. Alipofika penye orodha ya miche ya migomba ambayo mumewe alipanga kupanda, alifunga daftari akalia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Neno halikuwemo.

Fundi akasema limebaki moja tu, kufuta kila kitu kwenye ruta na kuanza upya. Nilifuta. Kwa siku mbili alinisomea maagizo kwenye simu ya ofisi, herufi kwa herufi, na nilipokosea tukarudia.

Majibu yalipoingia, mguu ulikatwa. Daktari alisema siku zile hazikubadilisha kitu. Sikumuuliza kama alikuwa ananihurumia tu.

Neno jipya la ruta nililiandika kwenye karatasi, nikalitia kwenye bahasha na kumpelekea metroni alifungie kabatini mwake.