Mlango wa Nekesa

Mwanangu, iko asubuhi moja ya Kitale ambayo nikiikumbuka bado naona haya.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa kijana, fundi wa mbao, nimepanga chumba kimoja kwenye ploti ya udongo na mabati. Nilikuwa nimechelewa na kodi. Keateka, yule msimamizi aliyekusanya kodi, akaniita kando. "Nitakungoja wiki mbili, bora utoe mlango ya Nekesa." Nekesa alikuwa jirani yangu, mama aliyetoka Myanga, muuza mboga, naye amechelewa vilevile. Ndivyo watu walivyohamishwa: unang'oa mlango, baridi inamaliza kazi.

Nikachukua nyundo. Nekesa alikuwa ndani, amempakata mtoto mwenye nimonia. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Na yako wewe, watatoa lini?" Nikajifanya sisikii. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini wao hawakupanga Kitale wakati wa mvua.

Nikaupeleka mlango karakana. Mzee Simiyu wa Kabuchai, aliyenifundisha kazi, akauliza nimeutoa wapi. Nikamwambia. Akaweka randa chini.

"Mimi nilikufunza kufunga mlango. Kung'oa ulifunzwa na nani?"

Akashika upande mmoja wa mlango, mimi wa pili, tukaubeba hadi kwa mwenye ploti, Nyanya Wambui. Kusikia kuna mtoto mgonjwa, Nyanya akashika mdomo.

"Ati mlango? Si nilisema aulizwe tu! Rudisheni sasa hivi. Hayo ya kodi nitaongea na Nekesa mwenyewe."

Wingu lilikuwa limeshafunika Mlima Elgon. Tulikimbia, mwanangu, na mzee wa watu na miguu yake mibovu! Nilipogonga msumari wa mwisho, matone yalianza kupiga mabati. Nekesa akausukuma mlango, ukafungika. Akacheka huku analia, nami nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu asubuhi.

Mtoto alipona. Nekesa alikubaliana na Nyanya Wambui kulipa kidogokidogo, akakaa pale miaka mingi. Na mimi, keateka aliponikasirikia, nilimwendea Nyanya mwenyewe nikamweleza hali yangu. Akanipa muda. Kumbe ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo!

Basi shika neno hili. Ukibanwa, usinunue siku zako kwa kuuza za mwenzako. Anayekutuma leo kwa jirani, kesho atamtuma jirani kwako. Sema shida yako mapema, kwa mwenye neno la mwisho. Mficha uchi hazai. Na ukikosa, rekebisha siku hiyohiyo, hata kama watu wanakutazama.

Mungu akupe pa kulala bila kushtuka, na majirani wasiochoka nawe.