Kuku Aliyejua Usukani

Miaka minne ya kwanza ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama baba mkwe usoni. Si kwamba tuligombana. Ndivyo tulivyoheshimiana kule kijijini Lupepo: mke wa mtoto hakutani na baba wa mume, haongei naye, hapiti mbele yake. Akikaribia uani alikohoa, nami nikatoweka kwenye migomba na mwiko mkononi, hata mtoto akiwa mgongoni. Wenzangu waliokaa Tukuyu mjini walikuwa wameshaanza kuyaacha mambo hayo, lakini mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa mila kwa pamoja, na hakuona sababu ya kulegeza lolote. Nilimjua kwa kikohozi, kwa kofia iliyopita juu ya ua, na kwa trekta lake.

Trekta hilo alilipata miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Shamba la chai alikokuwa dereva lilipata mwenyewe mpya, watu wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na trekta kuukuu badala ya kiinua mgongo. Kijiji kizima kilitoka kulipokea. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeuliza kama limekuja na breki.

Breki lilikuwa nazo. Lililokosa ni utii. Usukani ulikuwa ukicheza: unauzungusha robo nzima kabla magurudumu ya mbele hayajapata habari, na yakishapata yanayumba kwanza ndipo yanakubali. Baba aliendesha huku mikono ikienda upande huu na huu kama mtu anayepepeta mchele. Ukiwa mbali ilipendeza.

Fundi kutoka Tukuyu akabadilisha tairodi endi zote mbili, vile viungo vya ncha za fimbo inayogeuza magurudumu. Siku hizo spea zilikuwa zimejaa madukani, zinang'aa kwenye maboksi, na kila mtu aliamini kitu kipya lazima kiwe dawa. Usukani ukaendelea kucheza. Baba akahukumu kwamba ubaya uko kwenye boksi ya usukani, akawa anaikaza kila asubuhi, mpaka usukani ukawa mgumu na bado unacheza. Kisha akapaka grisi. Mzee yule aliamini grisi kuliko dawa ya hospitali. Kila kiungo alikipaka mpaka kikavimba.

Yote hayo yangenichekesha tu, kama si Jumamosi iliyokuwa inakuja. Lori la kiwanda lilikuwa limeacha kupanda kwetu kwa sababu ya tope, na baba aliwaahidi majirani kwamba atashusha majani yao ya chai kwa trela hadi barabara kuu. Njia hiyo ina kona kali, na baada ya kona kuna daraja la magogo lisilo na ukingo, chini yake mto wa mawe matupu. Mama mkwe naye angekaa juu ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu la nyuma, mahali pake pa siku zote. Nilimpenda sana yule mama. Na nilijikuta namhofia mzee ambaye sikuwahi hata kumwambia shikamoo.

Mimi ni binti wa fundi. Baba yangu mzazi alikuwa na gereji ndogo Mbeya, na kabla sijajua kusuka nywele nilijua kwamba ubovu wa usukani unaocheza hautafutwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kitini anautikisa kushoto na kulia, kidogo kidogo. Mwingine anashika kiungo kimoja kimoja, mpaka apate kile ambacho upande mmoja unaenda na mwingine hauendi. Alhamisi ile mume wangu alikuwa kazini Mbeya. Nyumbani tulibaki mimi, baba mkwe na mama mkwe.

Baba akapanda kwenye kiti cha trekta, akaanza kuutikisa usukani. Mama akainama mbele, mkono mmoja kiunoni. Mimi nilikuwa jikoni, nachungulia kwenye ufa wa ubao.

"Kipi kinacheza?" baba aliuliza.

"Vyote," mama alisema. "Hata mimi nacheza."

"Tazama vizuri, mama."

"Mimi nilikuja hapa kuolewa. Sikuja kutazama vyuma."

Waliendelea hivyo mpaka maharage yangu yakaungua. Nikashindwa kuvumilia. Nilitoka hadi kwenye kona ya jiko nikamwambia kuku aliyekuwa akipekua majivu, kwa sauti kubwa: "Wewe kuku! Usukani huo hautafutwi kwa macho. Futa grisi, halafu shika kwa mkono!"

Kisha baba akauambia usukani wake: "Kama kuku anajua, basi aje."

Nilijifunika kanga mpaka puani, nikatambaa hadi mbele ya trekta. Baba aligeuza uso kuelekea mlima Rungwe, ambao siku hiyo ulimezwa na ukungu wala hauonekani, akautikisa usukani huku ameukazia macho ukungu ule. Nilifuta grisi kwa kipande cha gunia. Nikashika tairodi: nzima. Nikashika fimbo ndefu itokayo kwenye boksi: nzima. Nikafika gurudumu la kushoto, pale mkono wa chuma unapoikamata kwa meno nguzo ya gurudumu. Mkono ulienda, nguzo ikabaki. Meno ya mkono yalikuwa yamelika, na grisi ya mzee ilikuwa imeyafunika muda wote.

"Baba, ni hapa!" nilipiga kelele, nikainua uso.

Naye alikuwa ameinama kutazama. Kanga ilikuwa imeshaanguka. Alikuwa na macho ya mume wangu hasa, na hakuna aliyewahi kuniambia. Mama alidondosha spana.

Niliona aibu mpaka nikatamani trekta linikalie. Baba akaurudisha uso wake kwenye ukungu, akakohoa, akasema, "Mama, mwambie kuku nimepaona."

Alasiri ile alikwenda kwenye vyuma chakavu vya shamba lake la zamani, akaomba mkono mzima kutoka kwenye trekta lililokufa. Ijumaa akaufunga. Jumamosi nilisimama juu kwenye migomba. Trela limejaa, mama yuko juu ya madigadi na mwavuli wake. Trekta likaingia kona, likanyooka, likapita katikati ya daraja. Ng'ambo ya mto, baba aliinua mkono bila kugeuka. Nililia peke yangu pale.

Hatukuzungumza tena kwa miaka mingi. Alikohoa, nikakimbia. Ila trekta likiugua, alisimama uani na kuuliza kwa sauti kuu, "Kuku yuko wapi?"

Alipozeeka, mikono ilianza kumtetemeka, hata kikombe cha chai hakikufika mdomoni. Asubuhi moja mama alikuja jikoni, hakunitazama. "Anamuulizia kuku," alisema.

Niliingia nimejifunika kanga mpaka puani, macho sakafuni. Alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya blanketi.

"Usukani umeanza tena," alisema, na safari hii aliniambia mimi. "Toa hiyo kanga, mwanangu. Si ulisema hautafutwi kwa macho? Shika."

Nilimshika mikono yote miwili. Nilitafuta pa kukaza, sikupaona.