Ng'ombe wa Bibi na Kitabu cha Fizikia

Ipo siku moja ya Desemba ambayo naikumbuka kwa miguu kabla sijaikumbuka kwa kichwa, maana tulitembea sana. Mimi na bibi tulitoka nyumbani Nkende asubuhi kwenda kijiji cha Nyanungu kumwona ng'ombe wake. Gari lilitushusha njiani kwa sababu ya tope, tukamalizia kwa kutembea saa mbili nzima. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, na shingoni nilivaa kamba yenye ufunguo wa kabati la maktaba, huu huu ambao wiki ijayo nitakukabidhi wewe unayeishika maktaba baada yangu.

Bibi angekuwa anaandika haya mwenyewe angeanza na "mwanangu". Mimi nina miaka kumi na saba na sijazaa mtu, lakini nilijaribu "mdogo wangu" kwenye kurasa tatu nikazichana, ilisikika kama naomba kura ya ukiranja. Kwa hiyo nivumilie, mwanangu. Ningekuambia kwa mdomo, ila unanijua, mbele ya watu mdomo wangu ni mzito. Kwenye daftari najikaza.

Kwanza kosa langu, kisha safari utaielewa.

Maktaba yetu umeiona: chumba kimoja, rafu tatu, kabati moja la mbao lenye kufuli. Kwenye rafu kuna vitabu vingi vinavyong'aa, vililetwa na wageni kwa maboksi, vya watoto wadogo wa nchi za baridi, na hakuna anayevigusa. Kabatini ndimo vinamokaa vinavyotafutwa: Hesabu, Kemia, Baiolojia, nakala moja moja. Mwaka ule shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia, kwa hiyo kitabu kimoja cha Fizikia ndicho kilichokuwa mwalimu. Siku ya kufunga shule alikuja Wankuru, dada wa kidato cha tatu aliyekuwa amepanga chumba mjini kwa sababu kwao ni mbali. Alitaka kwenda chuo cha uuguzi akimaliza, na chuo hakimchukui aliyefeli Fizikia.

"Nipe kwa likizo tu," alisema. "Januari nakuletea."

Nikamwambia vitu vya shule havilali nje.

Sheria hiyo hakuna mwalimu aliyenipa. Niliitunga pale pale. Ukweli ni kwamba muhula ule mwalimu wa maktaba alinisifu mstarini, kwamba tangu nishike ufunguo hakijapotea hata kitabu kimoja, na sifa ile niliipenda. Tena mimi naogopa kudai. Kukataa ni neno moja, mwanangu. Kumfuata mtu akurudishie kitu ni maneno mengi. Nikachagua neno moja. Vitabu vyote vya maana nikavipanga kabatini, vikubwa chini, nikafunga, na mlangoni nikaandika kwa chaki "Akiba haiozi". Niliona nimeandika kitu cha akili.

Sasa turudi Nyanungu. Nkende nyumba zimebanana, hakuna pa kuchungia, kwa hiyo ng'ombe wa bibi wanakaa kwa watu, huyu hapa, yule kule. Lakini hata wazee waliokuwa na nafasi kubwa walifanya hivyo. Anayekaa na ng'ombe wako anakunywa maziwa, na samadi anapeleka shambani kwake; ndama ni wako; na miaka ikienda vizuri unampa mtamba mmoja awe wake kabisa. Hakuna karatasi. Mwenye ng'ombe anakwenda kutembea tu, mara moja moja. Hayo nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sijui ni nani hasa anamtunza yule mwekundu tuliyekuwa tunamwendea, maana bibi alikuwa akisema "kwa Marwa", na kina Marwa huku kwetu ni wengi kama mawe.

Tulipoingia uani, mtu alikuwa amechuchumaa anakamua. Akageuza shingo. Alikuwa Wankuru.

"Shikamoo bibi," alisema. Halafu akanitazama mimi. "Karibu, Mama Maktaba."

Baba yake, Mzee Marwa, alitoka nyumbani akivaa shati. "Mmekuja kuhesabu?"

"Ng'ombe mmoja nimhesabu kwa kidole gani?" bibi alimjibu. "Nimekuja kumsalimia."

Hatukuuliza kitu. Mwenyewe akaenda nyuma ya nyumba akamleta ndama jike wa miezi miwili, akamsimamisha mbele ya bibi. Hatukuwa hata na habari kwamba amezaliwa. Angetaka kumficha tusingejua.

Maziwa yakaja. Bibi alipokea kikombe kwa mikono miwili akashukuru kama mgeni, na ng'ombe ni wake. Wankuru akanipa changu.

"Kunywa," alisema. "Ila kikombe hakilali nje."

Baba yake akauliza ni maneno gani hayo ya kumwambia mgeni.

"Ana kabati huyu, baba. Nilimwomba kitabu cha Fizikia akasema hakiwezi kulala nje ya shule. Labda aliogopa ng'ombe wa bibi yake atakitafuna."

Mzee Marwa alicheka mpaka akashika nguzo. Bibi hakucheka. Mimi nilitazama povu la maziwa mpaka likaisha lote.

Wazee wetu hawakuaibishi kwa watu. Wanakungoja njiani. Tulikuwa tumeshavuka kijito ndipo bibi akaanza, bila kunitazama.

"Yule binti anakamua ng'ombe wangu tangu akiwa darasa la tano."

"Ndiyo, bibi."

"Usiku ng'ombe wangu analala kwao."

"Ndiyo."

"Kitabu chako kinalala wapi?"

"Kabatini."

"Nani anakikamua?"

Niliushika ufunguo shingoni.

Tulitembea kidogo, kisha akanisimulia kuhusu mwaka mmoja kabla sijazaliwa, ugonjwa ulipoingia kwenye mazizi. Waliokuwa wamefungia ng'ombe wote pamoja waliamka zizi likiwa tupu. Wa kwake walikuwa kwa watu watatu, akapoteza mmoja. "Walikuwa wakisema sijui kutunza, natapanya," alisema. "Ndio hao hao waliokuja kuomba maziwa."

Nilimuuliza swali moja tu siku ile, anajuaje wa kumpa.

"Simpi mtu kwa sababu ananichekea," alisema. "Naangalia ana majani, na ana watoto wa kunywa. Mwenye majani bila watoto, maziwa yatamwagika. Mwenye watoto bila majani, ng'ombe atakufa. Na nikishampa naenda kumwona. Siendi kudai. Naenda, nakaa, nakunywa, narudi."

"Na ng'ombe asiyezaa wala kukamuliwa?"

"Hata awe na rangi nzuri namna gani, nambadilisha. Zizi si la kutazama."

Siku ya tatu nilienda shule kufagia maktaba. Chini ya kabati niliona mstari wa udongo, mwembamba kama kamba ya kiatu, umepanda kutoka sakafuni na kuingia kwenye pembe ya mbao. Nikafungua. Mchwa walikuwa wamekula rafu ya chini, ile ya vitabu vikubwa. Viwili vilibaki majalada. Cha Fizikia walikianzia nyuma. Mada ya umeme, iliyokuwa mwishoni, ilikuwa imegeuka udongo wote. Mbele kilikuwa kizima. Kidato cha kwanza tulipewa mtihani wa kukamilisha methali, na moja ilikuwa "Mali ya bahili huliwa na…" Nikaandika mchwa. Nilipata alama yangu.

Nilimweleza mwalimu wa maktaba kwa barua kwa sababu kwa mdomo nilishindwa. Hakunichapa wala hakunifokea. Alisema kile kilichobaki nikipeleke kinakotakiwa, basi. Nikarudi Nyanungu peke yangu, njia ile ile, na njia nzima nilikuwa najifunza kusema sentensi moja. Nilipofika nikaisema vibaya.

"Umeme umeliwa," nilimwambia Wankuru nikimpa kitabu.

Akakipokea, akakung'uta udongo, akafungua kwenye pengo. "Nilikuwa siupendi," alisema. Kisha akakaa chini palepale uani akaanza kusoma, na mimi nikakosa pa kuweka mikono.

Kilikaa kwao likizo ile na nyingine zilizofuata. Nilienda kukiona mara mbili. Sikudai. Nilikaa, nikanywa, nikarudi. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Wankuru alikuwa na D ya Fizikia, na chuo kinakubali D. Aliniambia kwenye mtihani swali la umeme aliliacha wazi. Sijui alama zile alizikosa mwenyewe au zililiwa na mchwa, na sijamuuliza. Sasa yuko chuoni.

Kwa hiyo, mwanangu, ufunguo nitakupa lakini usiuvae shingoni. Mimi ulinifanya nijione. Utundike msumarini.

Shule ikifunga, vitabu vinavyotafutwa vitoe, kila kimoja kwa mtu anayekihitaji mwenye mahali pakavu pa kukiweka, na usimpe rafiki yako kwa sababu ni rafiki yako. Andika jina na kijiji. Katikati ya likizo nenda kakione kitabu. Utaogopa kupiga hodi. Mimi naogopa mpaka leo. Watu wanafurahi kutembelewa kuliko unavyofikiri.

Vile vinavyong'aa visivyoguswa, tulishakubaliana na mwalimu, vinaenda shule ya msingi jirani. Malizia kupeleka maboksi mawili yaliyobaki. Usione huruma kwa sababu ya picha.

Na kuna daftari la kijani, hilo ndilo kubwa kuliko ufunguo. Humo naandika kila kitu alichoulizia mtu tukawa hatuna. Andika hata kama ni cha kuchekesha. Mzee mmoja alitoka Nyangoto akaulizia kitabu cha sheria za ardhi, wenzangu wakacheka kwamba hii ni maktaba ya wanafunzi. Niliandika. Wale wageni waliporudi kuuliza safari hii walete nini, mwalimu hakukuna kichwa, aliwasomea daftari. Kitabu cha ardhi kilikuja, na mpaka sasa ndicho kilichochakaa kuliko vyote. Ukiona kitabu kimechanika pembe, usikifiche kwa aibu ya mkaguzi. Kishone, kirudi kazini. Na kikipotea kimoja, maana kitapotea, usifunge kabati kwa ajili ya hicho kimoja. Bibi alipoteza mmoja.

Bibi akimbariki mtu humtemea mate kidogo kifuani. Kwa daftari haiwezekani, na nadhani umeshukuru. Basi pokea maneno. Mungu akupe mdomo mwepesi kuliko wangu. Vitabu vyako vitoke vizima, virudi vimechoka. Mchwa wapite mbali na sakafu yako, na wakija, Desemba yoyote ile, wakute kabati tupu.