Mtani Aliyeshika Sindano

Kijiji chetu cha ujamaa, nje kidogo ya Tura, kilikuwa na zahanati moja na tabibu mmoja, mtu wa pwani. Tangu enzi za misafara, sisi Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani. Mtani atakutukana msibani, atabeba kuku wako, nawe ukikasirika mwenye aibu ni wewe. Basi yeye alituita wapagazi, sisi tukamwita mla papa, tukacheka wote.

Dada yangu aliugua kifua kikuu. Kila asubuhi alikwenda kuchomwa sindano, na siku ya kwanza alipiga magoti mbele ya tabibu: "Nyumbani tunajua. Nje yasitoke." Alitaka yeye mwenyewe amwambie mchumba wake, kwa kinywa chake.

"Nayazika hapahapa, dada," tabibu alimjibu.

Wajumbe wa posa walipokuja kutoka Bukene, baba alimwalika tabibu, maana shughuli bila mtani hupooza. Alikaa mkekani akitafuna karanga kinywa wazi, rojo jeupe likimtoka pembeni mwa midomo.

"Nyie wapagazi," aliwaambia wageni, "mnajitwika mzigo bila kuuliza ndani mna nini? Huyu binti ni wangu! Kila asubuhi ananifunulia tako, namdunga. Kifua kinampiga ngoma, msidhani ni mapenzi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Mshenga akasita, tonge mkononi.

"Sindano ya nini, mwenzetu?"

Angeweza kusema malaria. Angeweza kunyamaza. Badala yake alijipangusa midomo kwa kiganja, akageuka mtaalamu: akaeleza makohozi, damu, dawa, kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe mnadani. Nyuma ya pazia dada alijiziba masikio kwa ncha za khanga.

Wageni wakanawa mikono chakula kikiwa bado kingi, wakaaga kwa adabu. "Tutaleta jibu." Hawakuleta.

Nilimngoja baba ainuke amkemee. "Mtani haudhi," alisema, akacheka kicheko kikavu. Nilikichukia kuliko maneno ya tabibu. Mila iliyozaliwa njiani ili wageni wasichinjane, leo imekuwa tambara la kumfutia mdomo mchafu mtu mwenye koti jeupe! Kuku wangu na amchukue, ni haki yake. Makohozi ya dada yangu hakurithishwa na babu yeyote.

Hospitali nyingine ilikuwa Tabora mjini, safari ya treni. Nani angeimudu kila siku? Kesho yake dada alirudi kwa yuleyule. Nilimsindikiza.

"Karibu, mtani! Umeninunia?"

Dada alimpa mgongo, akalegeza khanga, akakaza macho ukutani. Alitaka kuishi.

"Legeza mwili," tabibu alisema.

Hakulegeza. Sindano ikaingia hivyohivyo.