Kizazi cha Mwalimu Emerensiana

Mwalimu Emerensiana aliwaruhusu darasa la nne watoke, yeye akabaki kwenye kiti. Alikuwa amevaa pedi mbili na kipande cha kanga juu yake, na bado alihisi damu imepita. Akasubiri mpaka uwanja wa shule ukawa kimya. Miaka mitatu aliishi hivyo pale Usevya: siku tisa za mwezi anavuja, zilizobaki anahema kama aliyepanda mlima.

Likizo ilipofika, mumewe Anselmo akampeleka hospitali ya Mpanda. Daktari, mama mmoja aliyeitwa Dina, aliangalia picha ya ultrasaundi, akasema kizazi kina uvimbe sehemu tano na damu imeshuka hadi sita, wakati inatakiwa walau kumi na mbili. Akawaeleza taratibu. Vidonge vya kupunguza kuvuja damu angemeza siku za hedhi tu. Havizuii mimba, lakini uvimbe unabaki palepale. Kitanzi chenye homoni, kinachowekwa ndani ya kizazi, hupunguza damu zaidi, ila kikiwemo hashiki mimba, na kwa uvimbe uliosukuma ndani kama wake kingeweza kuchomoka. Wakipasua watoe uvimbe tu, kizazi kinabaki, lakini uvimbe mwingine unaweza kuota. Kutoa kizazi chenyewe ndiyo kumaliza kabisa.

Lile la mwisho Emerensiana alilisikia kwa mwili mzima. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na binti yao Monika yuko kidato cha pili.

“Mwalimu, wewe mwenyewe unataka lipi?” Dina akauliza.

Anselmo alikaa kando yake, magoti yao yakigusana. Nyumbani mama yake Anselmo alishasema kwamba mtoto mmoja ni jicho moja, likiingia kijiti umepofuka.

“Kizazi kibaki,” Emerensiana akajibu.

Alimeza vidonge na dawa za kuongeza damu miezi mitatu, ndipo wakampasua. Uvimbe wote ukatolewa. Hedhi ikawa siku nne, akaweza kufundisha vipindi vyote amesimama, na kwa hilo alishukuru kweli. Lakini kila mwezi mama mkwe huuliza kama kuna habari, na Anselmo huacha kutafuna asikie jibu.

Mwaka mmoja aliopewa na Dina ili arudi kupimwa umeshafika. Mwezi huu siku za hedhi zimekuwa sita, naye hajamwambia mtu.