Siku Tuliyouacha Mpunga

Baba alipewa Garsen kama mtu anavyopewa mzigo na shemeji: kuukataa huwezi, na kuuliza utautua lini ni utovu wa adabu. Kanisa letu la Bonde, upande wa Tanga, lilimwazima kwa kanisa la mto Tana, huko Kenya, akalee vijana. Walisema miaka miwili. Tulivuka mpaka tukiwa watatu, baba, mama na mimi, na mwaka wa pili ulipokwisha hakuna aliyetuandikia kitu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na hasira za kuwatosha watu wazima watatu.

Mpaka leo sijui niliichukia Garsen kwa kosa gani. Watu walitupokea vizuri, wakatupa samaki na ndizi. Lakini sikuweza kukaa. Nikikaa mguu unacheza, nikilala nasikia mbu na kuhesabu siku. Malori ya serikali yaliyofunikwa turubai yalipita kwenda Hola, na kila nikisikia injini nilitoka mbio kutazama, ingawa hayakuwa yakielekea kwetu hata kidogo. Mama aliniambia nina wadudu miguuni. Yeye homa ilimlaza kila mwezi, na akiinuka anaendelea kufundisha wasichana kushona, halalamiki, na hilo nalo liliniudhi.

Wapokomo wa pale walikuwa wamepokea Ukristo tangu enzi za babu zao, hawakumhitaji mtu wa Tanga awahubirie. Walichotaka ni mtu wa kukaa na vijana wao. Baba alikaa nao. Alicheza mpira na wavulana akiwa amepandisha suruali mpaka magotini, na Jumatano na Jumamosi alifundisha kwaya kwa kuandika sauti kwa mkaa ukutani. Tatizo lake kubwa lilikuwa mpunga. Mto ukifurika watu hupanda, na mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea, ndege wadogo wala nafaka, huja kwa makundi. Hapo kila kijana hupanda dunguni, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na kombeo na madongo ya udongo, akaamia ndege wasitue tangu alfajiri mpaka jua litue. Kwelea hawajui Jumapili. Kwetu Bonde, mtu aliyefanya kazi Jumapili aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Baba alipoona mambo ya huku aliwaambia vijana kwamba mwenye zamu ya kuamia, ibada yake iko dunguni. Mimi niliona ameanza kulegea.

Ndipo ikaja habari kwamba mkubwa wa misheni atafika kutoka Mombasa kuja kuona kazi ya vijana. Nilipiga hesabu zangu. Kwaya ikiimba vizuri, mkubwa atasema kazi imekamilika, na kazi ikikamilika mtu hurudi kwao. Kwa hiyo kwaya ilikuwa lazima iimbe vizuri, na haingeweza bila mwenzangu mmoja.

Mwenzangu huyo ndiye aliyebeba sauti ya kwanza. Alikuwa msichana wa umri wangu, mtoto pekee wa mama mjane, na ndiye mtu mmoja wa Garsen ambaye sikumkasirikia. Wiki ile mama yake alikuwa amekwenda Ozi kwenye msiba, akamwachia shamba peke yake. Shamba lenyewe ndilo chakula chao mpaka mto ufurike tena. Yote hayo niliyajua. Jumamosi nilimfuata dunguni, nikamwambia baba amesema aje kesho, ni kwa muda mfupi tu, na Mungu ataulinda mpunga.

Baba hakuwa amesema hivyo. Mwenzangu akaniuliza wasichana watavaa nini.

Jumapili baba alipomwona kwenye mstari alishusha mkono. Alimsogelea, akauliza kwa sauti ya chini nani yuko shambani. Mimi nikamjibia mwenzangu. Nikasema mama yake amerudi. Baba akanitazama, lakini kwa kuwa mgeni alikuwa ameshakaa, akainua mkono tukaanza.

Tuliimba vizuri kuliko siku zote. Mgeni alivua miwani akaifuta. Kisha akahubiri, na hakuwa mtu wa mahubiri mafupi. Katikati ya mahubiri tukaanza kusikia kelele kutoka mashambani, watu wanapiga makopo na kupiga ukelele, dungu hili likilipokeza lile. Mwenzangu aligeuza macho dirishani, hakuyarudisha tena. Nilimshika mkono.

Tulipotoka, yeye alikimbia. Mimi nilibaki kidogo kusikiliza uamuzi niliokuwa nikiungoja, na niliusikia. Mgeni alimshika baba bega, akasema kazi nzuri namna hii haiachwi njiani, atawaandikia watu wa Tanga watuache hapa miaka mitatu zaidi. Baba akashukuru. Mimi nikaondoka kwenda shambani.

Mpunga ulikuwa umesimama, na kwa mbali ungedhani ni mzima. Nilishika suke moja, halikuwa na uzito. Nikashika lingine. Kwelea walikuwa wamekamua maziwa yote wakaacha makapi, isipokuwa kipande kidogo kando ya maji kilichochelewa kupandwa na hakijatia maziwa. Mwenzangu alikuwa amekaa chini ya dungu na gauni lake la kanisani.

Mama yake alirudi Jumanne. Alikuja kwetu asubuhi, bintiye nyuma yake, na hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Mwalimu," akasema, "mtoto amesema ni wewe ulimwita, ukasema Mungu atalinda. Ni kweli?"

Baba alinitazama. Akamtazama mwenzangu, aliyekuwa anachora chini kwa kidole cha mguu. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo ulikuwa wangu.

"Ni kweli, mama," baba akasema. "Nilimwita."

Mama yule alitikisa kichwa polepole. Akasema yeye ni mjinga, alidhani mtu asiyelima ataujua mpunga. Baba akamwahidi kwamba nitakwenda kuamia kile kipande kilichobaki mpaka kivunwe, na kwamba unga wetu tutagawana. Unga aliuchukua, maana njaa haina kiburi. Lakini habari ilizunguka kwamba mwalimu wa Tanga huwashusha watoto madunguni. Hata Jumatano ile mstari wa kwaya ulikuwa na mapengo, na kina mama waliokuwa wakimpelekea mama yangu samaki walianza kupitia njia ya juu, wasipite mlangoni kwetu.

Nilisubiri baba anikemee. Aliniambia tu niwahi kulala, kwani kwelea huamka mapema.

Siku ya tatu dunguni nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia mwenzangu yote: kwamba baba hakumwita, kwamba mimi ndimi niliyetaka kwaya ipendeze ili turudi kwetu. Nililia. Yeye aliendelea kufinyanga madongo ya kombeo.

"Najua," akasema. "Babako alipita hapa Ijumaa ile, kabla hujaja wewe. Aliniambia Jumapili nikae na mpunga, nisishuke hata nikiitwa na nani."

Nikamuuliza sasa mbona alikuja.

"Nilichoka hapa juu," akasema. "Nilitaka kuimba."

Ndipo nilipoelewa kwamba baba, asubuhi ile mlangoni, alikuwa na waongo wawili mbele yake, na alitujua sote. Nilimuuliza mwenzangu kwa nini hakumwambia mama yake ukweli. Akasema angempiga. Akaniuliza na mimi je, ningepigwa na nani? Ndege walikuwa wanakuja, tukasimama tukawarushia madongo.

Asubuhi ileile tulimwona baba kule chini, anakuja kando ya mto. Mama wa mwenzangu alikuwa akipanda kutoka majini na mtungi. Baba alipisha njia, akavua kofia, akamwamkia. Mama yule akapita. Baba alibaki amesimama na kofia mkononi mpaka alipokwisha kupita, ndipo akaivaa.

Tulikaa Garsen miaka mitatu zaidi. Mama yule hakuiitikia salamu ya baba hata mara moja, na sisi wawili, ambao neno letu moja lingetosha, hatukulisema.