Redio ya Mama Kulwa

Harufu ya lehemu inayoyeyuka hunirudisha kwenye baraza moja ya Ng'ambo, Tabora, ambako baba yangu alikuwa akishona nguo. Ni moshi mwembamba unaokaa kooni, na siku zile ulichanganyika na mafuta ya cherehani na kahawa ya jirani. Upande wa pili wa baraza hiyo alikaa Masudi, fundi wa redio. Ilikuwa miaka ya Ujamaa na vitu vilikuwa adimu. Sabuni tuliipangia foleni, na kipuri cha redio kilisubiriwa kutoka Dar es Salaam hata mwenye redio akasahau sauti yake. Rafu ya Masudi ilijaa redio mbovu zilizofunikwa vumbi jekundu. Mimi nilikuwa mtoto wa kike mwenye haya nyingi. Mgeni akifika, nilijibanza nyuma ya vitambaa vya baba.

Mwaka huo redio yetu iligoma kuwaka Ramadhani ikielekea ukingoni. Mtaa mzima uliitegemea, maana ndiyo iliyotutangazia mwezi umeandama. Tulianika betri juani kama ilivyokuwa desturi, tukazigonganisha, tukaipiga redio ubavuni. Kimya. Masudi aliifungua, akainusa, akasema kilichokufa ni transista, kidude kidogo chenye miguu mitatu. Madukani hakikuwepo. Kisha akatazama rafuni. "Ile ya Mama Kulwa wa Puge inacho kama hiki," alisema. "Tangu masika hajaonekana. Hawa wa mashambani wakileta kitu hawarudi." Baba aliendelea kukanyaga cherehani bila kuinua kichwa. "Tutamrudishia kikija kingine," alijibu. Mimi ndiye niliyeshika kifuniko chenye skrubu. Jioni ile redio ikasema, watu wakapiga makofi, na usiku wa kuamkia Idi wakasimama mpaka barabarani kuisikiliza. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini ukiivaa gizani unaiona yako.

Idi ilipopita, Mama Kulwa akaja. Alishuka kwenye basi la Nzega akiwa na kapu, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyozoea jembe na kicheko cha karibu.

"Shikamoo, mama," Masudi alisema.

"Marahaba. Mgonjwa wangu amepona?"

"Bado, mama. Kipuri hakijafika."

"Hicho kipuri kinakuja kwa miguu, kama wapagazi wa zamani? Basi hata wao walifika."

Watu wa barazani wakacheka. Akaketi karibu na cherehani ya baba, na redio yetu ilikuwa ikiimba pale pale miguuni petu. Aliisikiliza, akatikisa kichwa. "Ya kwenu ina sauti tamu. Mwanangu Kulwa yuko Tanga, kwenye mkonge. Naambiwa hunisalimu redioni Jumapili. Kila jirani ananisimulia alivyozisikia salamu hizo, tena hazifanani." Kisha akatoa matobolwa kapuni, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akanijaza viganja. "Kula, binti. Mbona unaniogopa?" Maneno yalinijaa kinywani kama viazi hivyo. Nilimtazama baba; sindano yake ilikuwa ikishona mahali palipokwisha kushonwa. Mama Kulwa aliaga, akatuombea heri, akaondoka na kapu tupu.

Siku ile baba alimwambia Masudi akitoe kile kidude na kukirudisha. Masudi alisema kikipashwa moto tena kitakufa, tukose sote. Huenda ilikuwa kweli. Sisi tulitaka iwe kweli, wala hatukuuliza mara ya pili.

Jumapili moja tulikuwa tunakula ugali. Mtangazaji alisoma salamu za watu wengi, kisha akasema kwamba Kulwa, wa Tanga, anamsalimu mama yake mzazi aliye Puge, anamwambia ni mzima, asihangaike. Mkono wa mama yangu ulisimama juu ya sinia. "Hizi si zetu," alisema, akainuka akaizima redio. Baba alinawa mikono kabla hajashiba. Mama Kulwa hatukumwona tena. Baadaye Masudi alihamia Mwanza, na rafu yake ikaenda naye pamoja na vyote vilivyokuwa juu yake. Matobolwa yale niliyaficha kabatini mpaka mende wakayala.

Sasa nina nywele nyeupe, na mwezi uliopita kompyuta ya binti yangu, ile iliyoko sebuleni, iligoma kuwaka. Tuliipeleka kwa kijana mmoja hapa hapa Ng'ambo. Leo vitu vimejaa madukani na kipuri huagizwa kwa simu, lakini watu hawataki kungoja hata siku. Kijana alipuliza vumbi, akagusagusa nyaya, akaelekeza kidole kwenye kompyuta nyingine pembeni. "Bibi, mwenye hii hajarudi tangu kiangazi. Nikitoa pawa saplai yake, hii ya kuingiza umeme, saa hizi mnaondoka inawaka." Binti yangu alifurahi. Nikauliza mwenye kompyuta hiyo ni mtu wa wapi. Hakujua. "Iache," nilisema. "Tutangoja yetu."

Mpaka leo kompyuta yetu imekaa mezani na kitambaa juu, kipuri tulichoagiza hakijafika, wajukuu wananinung'unikia, na binti yangu husema siku hizi nimekuwa mgumu. Si ugumu. Ni lile neno lililonikwama barazani, nimelisema nikiwa mzee, kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Mama Kulwa halimfikii.